Sanduku, Oksijeni na Arobaini

Kwetu Kamembe, mgonjwa akishawekewa oksijeni, majirani hawaulizi tena anaendeleaje. Wanauliza turubai liko kwa nani. Nimeliona hilo tangu utotoni: mtu anarudi kutoka kuangalia mgonjwa, anasema kwa sauti ya chini, "Bamemutia mu oksijeni," na wanawake wanaanza kuvua bangili. Jambo hili limeniudhi miaka yote, kwa sababu mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtungi wa oksijeni husimama mlangoni mwa karakana yangu kama mtu wa nyumbani. Ninaufungua kila asubuhi kwa Bismillahi. Kwa oksijeni hiyo nimekata vyuma vya mageti, nimetengeneza vitanda vya maharusi, nimesomesha watoto. Watu wakiuita mlango wa kaburi, naona wanamsengenya rafiki yangu.

Nasema haya mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu gani. Nina hasira za karibu, na mdomo wangu hutangulia akili. Mke wangu husema ningekuwa gari ningekuwa lile lisilo na breki kwenye mteremko wa kwenda Cyangugu. Hajakosea sana.

Mguu wa mama yangu uliungulia kwangu, kwenye karakana yangu. Hilo nalo niliseme sasa, maana nililificha kwa muda mrefu.

Mama alikuwa na desturi ya kuniletea chakula cha mchana yeye mwenyewe, ingawa nina mke, na mke wangu anapika vizuri kuliko yeye, jambo ambalo hakuna anayethubutu kulisema nyumbani. Siku hiyo aliingia na bakuli la sombe na dagaa wa sambaza, akasimama pale ninapokatia vyuma, akaanza kunisema kuhusu shati langu. Mimi ndiye niliyesikia harufu kwanza. Nikaangalia mtungi, nikaangalia mpira wa gesi, nikaangalia nyaya. Kisha nikaona moshi mwembamba unatoka chini ya kandambili yake. Alikuwa amekanyaga kipande cha chuma nilichokikata dakika chache kabla, kikiwa bado cha moto. Kilikuwa kimepenya plastiki na kuingia kwenye nyama, na yeye hakusikia kitu.

"Maman, inua muguu," nikamwambia.

"Usinikatishe, niko nasema," akanijibu.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao siku nyingi, na sisi tulidhani kazi yake ni kumnyima mtu chai tamu. Hatukujua kwamba huzima hisia za miguu polepole, wala kwamba mishipa midogo ya damu huziba, hata kidonda kikitokea kinakosa wa kukilisha. Kidonda cha mama kilikaa wiki, kikakaa miezi. Alisafishwa, akafungwa bandeji, akameza dawa, akaacha wali. Kidonda kilikuwa kama mgeni aliyekwisha kupewa kitanda. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kubadilika rangi.

Kwa mtu mwingine mguu ni mguu. Kwa mama ulikuwa daraja. Kila Jumatano alikuwa akifika mpakani Rusizi ya Kwanza, anaonyesha kitambulisho, anavuka kwa miguu na furushi la vitenge kichwani kwenda kwa mdogo wake Bukavu, upande wa Kongo. Vitenge vilikuwa kisingizio. Katika watoto sita wa babu yangu wamebaki wao wawili, mmoja kila upande wa mto, na Jumatano moja ikipita bila kuonana, mama anakuwa mkali kwa kila kitu mpaka kwa kuku. Mama mdogo naye ni mtu wa machozi: ukimwambia una mafua anakuja na mkeka wa kulala matangani. Kwa hiyo mama alikataza asiambiwe habari za kidonda. Mwanzoni alivuka akichechemea, akasema ni viatu. Aliposhindwa kuvuka, akasema simu yake imeharibika, na mimi nikawa mpeleka salamu. "Tantine, Maman anakusalimia." Kila wiki nilisema hivyo, na kila wiki niliona aibu.

Daktari wa hospitalini, kijana mtaratibu aliyezoea kukaa kitini kabla ya kusema jambo zito, alikaa kitini. Akatueleza kwamba vile vidole viwili haviokoki. Mguu uliobaki unaweza kuokoka, unaweza usiokoke. Usipopata damu ya kutosha, na uozo ukipanda, itabidi kukata chini ya goti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Docteur, huu muguu nauhitaji siku moja tu ku semaine." Daktari hakujua maana yake. Mimi nilijua ni ile Jumatano ya kila wiki, nikatoka nje.

Daktari alinifuata kwenye korido. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba Kigali kuna mahali wana mtambo unaoitwa caisson hyperbare. Mgonjwa anaingia ndani, unafungwa, anavuta oksijeni safi kwa presha mara mbili na zaidi ya presha ya hewa tunayoishi nayo. Hauponyi kila mtu, akasema, na hauchukui nafasi ya dawa, wala ya kusafisha kidonda, wala ya kushusha sukari. Unasaidia baadhi ya miguu. Yeye angependa mguu huu ujaribiwe.

Oksijeni safi. Presha. Jamani, hayo si maneno ya daktari, ni maneno yangu. Nilimuuliza presha ya kiasi gani, valvu iko wapi, gesi inatokaje. Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kufungua chupa ya soda. Soda ikiwa imefungwa, akasema, hewa yake imetulia ndani ya maji kwa sababu ya presha. Ukifungua, presha inashuka na mapovu yanatoka. Oksijeni nayo, mtu akiivuta chini ya presha, inayeyuka ndani ya maji ya damu kuliko kawaida. Nilisimama pale korido nikaona kitu ambacho nimeishi nacho maisha yote. Ziwa letu la Kivu ndivyo lilivyo: chini kabisa limeshika gesi nyingi, na kinachoishika ni uzito wa maji yaliyo juu. Mimi nimezaliwa juu ya chupa ya soda na sikuwahi kufikiria kwamba mama yangu naye anaweza kuwa moja. Nilirudi wodini nikikimbia.

Hapo ndipo mdomo ulipotangulia.

"Maman, kuna kintu Kigali, kinaitwa caisson."

"Caisse?" akauliza. "Caisse ya soda?"

"Hapana, caisson. Ni sawa vile sanduku kubwa. Unaingia, unalala, banafunga, banatia oksijeni."

Akaniuliza, "Siku ngapi?"

"Arobaini," nikasema, na Mungu ananiona, nilisema nikitabasamu.

Mama alivuta kitenge akajifunika uso. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kula. Mimi bado sikuelewa. Nilidhani amechoka. Baadaye ile sauti ikatoka chini ya kitenge, imara kabisa, sauti ya mtu anayekataa bei.

"Papa," akaniita kama anavyoniita tangu utotoni, "miye ni Muislamu. Sisi habatuzikake mu sanduku. Sisi banatuzikaka na sanda. Ukitaka kunizika, nizike muzuri."

Nikahesabu moyoni nilichokuwa nimesema. Sanduku: kwetu, kwa Mkristo na kwa Muislamu, ukisema fulani yuko ndani ya sanduku hakuna anayefikiria nguo. Oksijeni: nimeshaeleza. Arobaini: siku ambayo watu wanarudi kumsomea marehemu na kula wali wake. Kwa sentensi tatu nilikuwa nimemfunga mama yangu, nimemkatisha pumzi na nimemlia pilau. Na chuma kilichomchoma kilikuwa changu. Nilikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake, nikaomba msamaha kwanza, halafu nikaanza upya.

Sikutumia soda, maana soda alikatazwa na ingemuumiza. Nilitumia mpaka. "Maman, mu damu yako muko bapagazi. Sawa vile bale ba ku Rusizi. Kila mupagazi anabebaka furushi yake ya oksijeni, anapeleka ku muguu. Sasa njia imeziba. Hata ukimupatia furushi kumi, atabeba ile ile moja, na hatafika. Presha inafanya hivi: inaingiza oksijeni mu maji ya damu yenyewe. Maji haina haja ya mupagazi. Inapenya fasi mupagazi hawezi."

Kitenge kikashuka mpaka puani. Macho yake yalikuwa yakifikiri.

"Sawa vile Rusizi yenyewe," akasema. "Inapitaka chini ya daraja, haionyeshe kitambulisho."

"Njo vile, Maman."

"Na itanipeleka Bukavu?"

"Sijue. Docteur anasema inasaidia bamoja. Hajaahidi."

Nadhani ni huko kutoahidi ndiko kulikomshinda. Mama amefanya biashara maisha yake yote, na anayeahidi sana humwogopa. Akakubali kwa sharti moja: nikae mahali ambapo atauona uso wangu muda wote, na nisiongee na mtu.

Vile vidole viwili viliondolewa kwanza, na mimi na shemeji yangu tukavizika makaburini kwetu Kamembe, kwenye kitambaa cheupe, kama inavyotakiwa. Kaburi fupi kuliko yote niliyochimba. Kisha tukapanda basi, tukapita msitu wa Nyungwe kwa baridi yake na kona zake, na mama amenyoosha mguu juu ya mapaja yangu safari nzima. Habari za pesa siziandiki. Zilipatikana, familia ni watu. Tulifikia Nyamirambo kwa binamu.

Asubuhi ya kwanza mama alichelewa bafuni mpaka binamu akagonga mlango. Alitoka amevaa nguo mpya, ameng'aa kama sahani, amenyooka, na harufu ikamtangulia hadi uani. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuuona mtambo, sikuuliza. Nilikuwa kama mtoto siku ya Idi.

Na mtambo ulikuwa wa kuonwa. Halikuwa sanduku la chuma kama nilivyomtisha mama. Lilikuwa bomba kubwa la plastiki nzito inayoonyesha kama kioo, lina mlango wa duara mwisho, mabomba nyuma, na manometa ya kupima presha. Niliiangalia ile sindano ya manometa kwa mapenzi. Muuguzi aliyekuwa msimamizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufundisha, aliniona nikiinama kuangalia viungo vya mabomba, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akasema basi leo hatachoka kueleza. Akanionyesha pale inapoingia na pale inapotoka. Akaniambia si vidonda vya sukari peke yake wanavyotibu. Wanaletewa watu waliofunga madirisha wakalala na mbabula ya makaa ndani, kwa sababu moshi ule usioonekana huwakalia wapagazi wa damu kwenye mabega, na oksijeni ya presha huwaondoa upesi. Kuna wapiga mbizi waliopanda juu kwa haraka wakatokwa na mapovu kwenye damu, kuna watu ambao nyama zao ziliharibiwa na mionzi ya kutibu kansa, kuna vidonda vyenye wadudu wale wasiopenda hewa. Nilikuwa nasikiliza na kuitika kwa kichwa hadi shingo inauma.

Kisha akamgeukia mama ili ampime sukari, akainama, na akasimama ghafla.

"Mukecuru," akamwambia kwa adabu, "umepaka nini?"

Mama akaangalia pembeni. Muuguzi akanusa tena, akamgusa mkono, vidole vyake vikateleza. Mafuta. Mafuta kichwani chini ya kilemba, mafuta mikononi, miguuni, na juu ya mafuta, marashi, na chini ya vyote harufu ambayo niliitambua kwa kuchelewa. Kafuri. Mama alikuwa amejitia kafuri, ile tunayowatia maiti.

Nilipandwa na hasira, na nitasema kweli, nilimpigia mama yangu kelele mbele ya watu. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa fundi, neno ninalolisema kuliko Bismillahi ni hilo: mafuta na oksijeni hazikai nyumba moja. Anayekuja kwangu na mikono ya grisi hagusi mtungi. Oksijeni ikiwa na presha, mafuta kidogo tu yanawaka bila kiberiti. Mama mwenyewe amenisikia nikifukuza watu, na amewahi kunisaidia kuwafukuza. Na sasa anataka kuingia ndani ya mtungi akiwa amejipaka kama andazi.

Alinisubiri nimalize. "Weye ulisema sanduku," akasema. "Nilikuambia sawa, nitaingia. Lakini miye siwezi kuingia mu sanduku bila kafuri. Kama Mungu anikamata mulemule, aninuse muzuri. Nani angeniosha? Huyu muuguzi? Hanijue."

Mama hakuwa amekubali matibabu. Alikuwa amekubali kufa kwa ajili ya kunifurahisha, na alikuwa amejiosha mwenyewe ili asinisumbue. Nililia palepale, kwenye kiti cha plastiki, na yeye akawa ananiambia ninyamaze, watu wanaangalia. Yule muuguzi aliweka kando kifaa cha sukari, akamshika mkono.

"Mama, siku ya mutu kufia mulemule haijafika kwangu hata mara moja," akasema. "Rudi nyumbani, uoge na sabuni, kesho uje mukavu. Nitakupatia nguo ya pamba. Bila mafuta, bila marashi, bila simu, bila bangili. Na hili jina la sanduku uliache nje ku mulango."

"Niliite nini?"

Muuguzi akafikiri. "Chupa," akasema.

Mama alirudi Nyamirambo akijisugua kwa sabuni ya kipande hadi ngozi ikapauka, jambo ambalo kwake ni fedheha kuliko kutembea bila kilemba. Kesho yake aliingia ndani ya chupa akiwa mkavu kama unga wa muhogo. Mlango ukafungwa. Nilisikia ile sauti, gesi inaingia, sauti ya karakana yangu, na sindano ikaanza kupanda. Ndani kulipata joto kidogo, kama gesi inavyofanya ikibanwa. Mama alishika sikio. Muuguzi akamwambia kwa kipaza sauti ameze mate, apige miayo, na akapunguza kasi. Mama akameza, akameza, kisha nikaona mabega yanashuka. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa pale. Midomo yake ikaanza kwenda, na nikajua anasoma nini, nikasoma naye. Tulikaa hivyo karibu saa mbili, kioo katikati.

Presha iliposhushwa na mlango ukafunguliwa, alitoka akitweta kidogo, akaulizwa anajisikiaje.

"Ni kama ku ndege, banasema. Masikio inaziba," akasema. "Miye sijapanda ndege. Sasa nimepanda."

Hiyo ilikuwa moja. Zilibaki thelathini na tisa. Siku tano kwa wiki tulikwenda, sukari ikipimwa kabla, kwa sababu ndani mule inaweza kushuka ghafla, na kila baada ya siku chache bandeji ilifunguliwa na mimi nilikuwa na kichwa changu karibu na mguu kuliko daktari. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna, na mama akaanza kuniangalia kwa huruma. Wiki ya tatu nikaona chini ya kidonda, pale palipokuwa na rangi ya nyama ya juzi, vidoa vyekundu vidogo. Muuguzi akaniambia ni mishipa mipya ya damu, imechipua. Nilimuomba arudie. Mishipa mipya! Nikaenda nje barabarani nikampa habari mwendesha pikipiki ambaye hanijui, na yeye, Mungu ambariki, akanipa mkono wa hongera.

Kuanzia hapo sikulala vizuri kwa furaha. Kila siku nyekundu iliongezeka, pembeni ngozi ikaanza kutambaa kuingia ndani, kidogo, kama maji yanavyorudi kisimani. Mama alianza kuingia kwenye chupa kama bibi harusi anayekwenda kukaa mahali pake, na akawa anawapa moyo wagonjwa wapya kwa kuwatisha kwanza. "Wamekuambia arobaini?" anawauliza. "Usiogope. Miye niko ku ya ishirini na tisa na bado sijakula pilau yangu." Macho yake yalififia kidogo, akashindwa kuona mbali, tuliambiwa hutokea na hurudi, na yalirudi. Siku ya arobaini daktari aliukagua mguu, akauinua, akauweka chini. Hautakatwa, akasema. Viatu vya kufunika, kila siku kuangalia nyayo, na sukari ichungwe maisha yote. Mama akaniambia nimwandikie hayo, halafu akaniambia nisimwandikie, atakumbuka.

Tuliporudi Kamembe alitangaza jambo lake. Alhamisi atapika. "Arobaini yangu nimeimaliza mwenyewe," akasema. "Nitaikula mwenyewe." Akaita watu wa msikitini, akaita majirani, na hasa wale walioulizana habari za turubai.

"Na Tantine?" nikamuuliza.

"Sasa unaweza kumuambia."

Jumatano jioni, karakana imejaa kazi zilizonisubiri, jirani yangu anasaga chuma na mashine yake inalia, mimi nikachukua simu nikamrekodia mama mdogo sauti kwa furaha yote niliyokuwa nayo. Nilisema Maman alikuwa na kidonda, tulimpeleka Kigali, waliingiza oksijeni, ametoka kwenye sanduku, mguu umepona, kesho tunafanya arobaini, mje wote. Nikatuma, nikavaa miwani, nikaendelea na geti.

Asubuhi nilikuta simu imepigwa mara tisa, na ujumbe mmoja wa sauti. Mashine ya jirani ilikuwa imemeza nusu ya maneno yangu. Mama mdogo alikuwa amesikia matatu tu, na unayajua. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. "Oksijeni. Sanduku. Kesho arobaini. Siku arobaini uko naniambia 'Maman anakusalimia,' na eko mu udongo. Mulizika yaya yangu, mukubwa wangu, bila miye. Mu sanduku, sawa vile hana bantu. Niko nakuya. Nitakukamata ku shingo."

Nilimpelekea mama simu, akiwa amesimama juu ya sufuria. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa kiatu chake cha kufunika na kitambulisho amekifunga kwenye pindo la kitenge. Tukachukua pikipiki mbili, tukateremka hadi mpakani.

Mama mdogo alikuwa katikati ya daraja, na wanawake wanne nyuma yake, wamefunga vitenge viunoni, sufuria vichwani, wanakuja kumlilia mtu. Wapagazi walikuwa wanawapisha. Mama akaonyesha kitambulisho, akaanza kutembea. Nilitaka kumshika kiwiko, akautoa mkono wangu.

Mama mdogo alipomuona, hakupiga kelele. Alisimama, halafu akakaa chini, palepale darajani, kama mtu aliyeambiwa akae. Mama akafika. Akamuinamia.

"Yaya," mama mdogo akasema, "ni weye ama ni mwingine?"

Mama akavua kiatu, akautoa mguu, akauweka mbele ya mdogo wake juu ya kitenge chake. Yule akaushika kwa mikono miwili. Akahesabu kidole kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka akafika mwisho, akarudia, akainua uso.

"Inapunguka mbili."

"Zile zilitangulia," mama akasema, "kunishikia fasi. Simama, bantu banataka kupita."

Akavaa kiatu. Nilidhani sasa tutageuka kurudi nyumbani, kwenye wali na wageni. Mama akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Akasema kwa hiyo amechelewa siku moja, na wiki nyingi, akamshika mdogo wake mkono, na wale wanne wakageuka na sufuria zao, na wote wakatembea kwenda upande wa Bukavu, mama akiwa mbele.

Wageni wa arobaini walikula bila mwenye arobaini. Adhuhuri ikapita, akaja mzee mmoja wa msikitini aliyechelewa, akanikuta mlangoni, akauliza mama yuko wapi amsalimie. Nilikuwa na furaha kubwa, na mdomo wangu mnaujua.

"Amevuka," nikamwambia.

Mzee akashika kichwa. "Innalillahi," akaanza, na machozi yakamjaa. Ilinibidi nimkimbilie, nimshike mabega, nimwongezee lile neno nililosahau.

"Daraja, Mzee. Amevuka daraja. Kwa miguu yake."